Mkono wa Kushoto wa Mke Wangu

Mke wangu alianza kujifunza piano kwenye kadibodi. Alikata upande mmoja wa katoni ya sabuni, akachora vibao vya kinanda kwa rula, vile vyeusi akavikoleza kwa kalamu ya wino. Kila siku saa ya chakula cha mchana aliitandaza ile kadibodi juu ya meza yake ya ukarani, akawasha masomo kwenye simu, akawa anabonyeza karatasi. Jioni alirudi nayo imekunjwa mkobani, akaendelea kuibonyeza mezani huku maharagwe yakichemka.

Nilimcheka. Nilicheka mpaka nikawaita watoto waje wasikilize mama yao anavyopiga, wakasimama pale wametega masikio, naye akacheka pamoja nasi. Ningependa kusema nilikuwa namtania tu. Lakini kicheko kile kilikuwa cha mwenye shamba anayemwona mgeni akija kulima na kijiko. Nyumba yetu ya Donholm ilikuwa na mwanamuziki mmoja, na mwanamuziki huyo alikuwa mimi.

Gita nililipata kwa taabu, ndiyo maana nililiona langu peke yangu. Nilizaliwa Shauri Moyo, kwenye zile nyumba za zamani za kanjo, yaani za halmashauri ya jiji, na tulikaa na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa ametoka magharibi kuja kufanya kazi katika kiwanda cha mablanketi. Jumamosi alikaa mlangoni na gita akapiga mtindo wa zamani wa kwetu: kidole gumba kinabeba besi, kidole cha shahada kinaimba, na mtu mwingine anakwaruza chupa ya soda kwa kipande cha chuma ili kushika mwendo. Mtu huyo mwingine nilikuwa mimi. Nilikwaruza chupa miaka mitatu kabla hajaniruhusu kugusa uzi.

Wala hakunifundisha. Wapigaji wa rika lake walikuwa na desturi moja: wakiona mtu anawakodolea macho sana, wanageuka upande na kuficha mkono wa kushoto, ule unaoshika nyuzi shingoni mwa gita.

"Muziki haufundishwi, mpwa wangu," aliniambia. "Huibiwa."

Basi nikaiba. Nilijifunza kuchungulia kwa pembeni, kukariri kidole kipi kimekaa wapi, na kurudia akienda kazini. Baadaye niliiba mtindo wa benga kutoka kwa dereva mmoja jirani yetu, Mkamba aliyepiga kwa kasi huku anazungumza na wateja wake kana kwamba mikono si yake. Rumba niliiba kwenye baa moja karibu na Gikomba, nikisimama mbele ya bendi na soda moja ambayo haikuisha. Mitindo mitatu, yote nilijifunza kwa macho, na nilijivunia hilo.

Tulipohamia Donholm nilipata nafasi yangu katika kanisa letu la mabati kule Kware, lililobanwa na maghorofa ya kupangisha hivi kwamba hata mchana taa huwashwa. Kwa miaka mingi gita langu lilikuwa ndilo ala pekee ya nyuzi pale, pamoja na ngoma na kayamba. Kanisa lile lina jambo moja linalomjaribu mpigaji yeyote. Kina mama hawangoji ala. Mama akiguswa anasimama alipo, anaanza pambio kwa kimo chochote cha sauti kilichomjia, na wewe mpigaji ndiye unayemtafuta alipo. Mimi nilikuwa na kapo, kile kibano kinachofungwa shingoni mwa gita ili kupandisha sauti. Nilikisogeza juu na chini, nikajaribu hapa, nikajaribu pale, mpaka ubeti wa pili au wa tatu ndipo nimpate. Waumini walikuwa wamezoea. Walidhani ndivyo gita linavyoingia.

Kisha dada yake mke wangu akapata kazi Uarabuni, akamwachia kinanda cha umeme. Siku kilipofika nyumbani mke wangu alikaa, akaweka mikono, akapiga wimbo wa kitabuni kwa sauti zote nne, kwa sababu vidole vilikuwa vimeshaujua tangu kwenye kadibodi. Watoto walipiga makofi. Mimi nilisema waya wa umeme umepita vibaya, mtu anaweza kujikwaa, nikaenda kuupanga.

Wivu ulianza siku hiyo, na sitautafutia jina la adabu. Kila Jumamosi alienda kwa mwalimu mmoja hapo mtaani akarudi na nota, na nota zenyewe alizisoma kama mtu anayesoma gazeti. Akamaliza nyimbo za kitabuni akahamia mapambio, mkono wa kushoto ukirukaruka. Akahamia rumba ya polepole. Akafika hata kwenye jazi, zile sauti za vidole vitano ambazo kwangu mimi ni kama mtu amekosea halafu akajisamehe. Jioni nilikaa na gita langu sebuleni nikipiga kile kile nilichokipiga jana, na nilipomsikia chumba cha pili amepata njia mpya nilikaza mkono nikapiga kwa nguvu zaidi. Alidhani namsindikiza. Mara mbili alikuja mlangoni kuniambia asante.

Kilichoniuma zaidi ni jinsi alivyokuwa akiuliza. Mke wangu hana haya ya kuuliza. Akikutana na mpigaji kanisani, harusini, popote, anasogea na kusema, "Hiyo umefanyaje? Nionyeshe." Nao wanamwonyesha. Mimi maishani mwangu sijawahi kumwambia mpigaji mwenzangu neno hilo. Niliona ni heri kuchungulia mwaka mzima.

Halafu mjomba akaja kutusalimia. Alikuwa amestaafu, bado yuko Shauri Moyo, na kiburi chake hakikustaafu. Baada ya chakula mke wangu alilichukua gita langu ukutani, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Mjomba, ule mtindo wenu wa gumba, naweza kuupiga kwa kinanda?"

Nilingoja ageuke upande. Hakugeuka. Alikaa naye uso kwa uso, akaunyoosha mkono wa kushoto mbele ya macho yake, akapiga polepole kama anayemlisha mtoto.

"Tazama hapa, mama. Gumba linatembea hivi, halikimbii, halichoki. Hilo wewe lipeleke mkono wako wa kushoto. Kidole hiki kinachoimba, kipeleke kulia."

Mke wangu alikileta kinanda sebuleni, akajaribu. Mara ya kwanza mwendo ukakwama, mara ya tatu ukatembea, na sebule yangu ikajaa ule mwendo wa mlangoni kwetu, lakini ukitoka kwenye kinanda, msafi, bila haraka. Mjomba akajipiga paja.

"Hii ndiyo yenyewe. Huyu bwana yako huwa anaikimbiza."

Nilienda jikoni kuongeza chai na thamosi ilikuwa imejaa. Nilikaa huko nikisikiliza wanavyocheka. Jioni nilimsindikiza mjomba mpaka kituoni, na nilikuwa nimejiapia sitasema kitu, lakini mdomo ukanishinda.

"Mjomba, mbona mimi ulinificha?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza bei ya mwezi.

"Kwani wewe uliuliza?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapitia njia ndefu.

Haikupita muda kanisa likamwita mke wangu apige kinanda. Hapa niseme jambo ambalo kwa muda mrefu sikulisema hata kwa nafsi yangu. Kuja kwake kulinifaa. Mama akianza pambio, mke wangu anashusha sauti ya kinanda, anagusa kibao kimoja, anagusa cha pili, ameshampata. Kisha kidole kidogo cha mkono wake wa kushoto kinatua kwenye besi. Mimi kiti changu kilikuwa upande huo huo. Nilikitazama kile kidole, nikajua hii ni nota ya G, hii ni ya A, nikaweka kapo panapofaa, nikaingia. Taratibu nikaacha kabisa kutafuta. Waumini wakaanza kunisifu kwamba siku hizi naingia mapema, na mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono akaniambia Bwana amenifungua masikio. Nilisema amina.

Ndivyo nilivyoishi: namwonea wivu kwa kidole kile kile nilichokuwa nakula kwacho.

Ikafika mahali kwaya ikakua, mchungaji akatangaza kwamba Jumapili itakayofuata wazee watamtaja kiongozi wa muziki. Cheo chenyewe hakina mshahara, hakina hata kiti. Lakini anayekishika huitwa mwalimu. Watoto wanamwita mwalimu, wazee wanamwita mwalimu, akipita pale Kware mama wa mboga anamwita mwalimu. Mimi kwa miaka yote ile nilikuwa yule wa gita. Nililitaka jina lile mpaka nikawa nalijaribu kichwani nikioga.

Katikati ya wiki nilipitia kanisani kuchukua waya, nikamkuta fundi wa mitambo, kijana anayesimamia spika na maikrofoni.

"Niaje mzee," alisema. "Naskia hiyo kiti wanapea mama watoto wako. Si ni poa, inabaki tu kwenu."

Nilimwambia ni poa sana. Nikasahau waya nilioujia.

Jumapili ile mimi ndiye niliyebeba kinanda, kama kawaida, nikakipanga juu ya miguu yake, nikachomeka umeme. Mke wangu alikuwa nje akisalimiana na kina mama. Kinanda kile kina kitufe kidogo cha kuhamisha sauti. Ukikibonyeza mara tatu, vibao vyote vinapanda hatua tatu, ingawa kwa macho hakuna kilichobadilika: unabonyeza G, inatoka sauti iliyo juu zaidi. Kwaya ilikuwa ifungue ibada kwa wimbo unaoanzwa na kinanda peke yake, na waimbaji wa sauti ya kwanza hata mahali pa kawaida walikuwa wanagusa mabati. Wakipandishwa hatua tatu wangepiga mayowe na kukatika mbele ya wazee wote, na kila mtu angejua ni nani aliyewaanzishia.

Nilibonyeza mara tatu. Kioo kidogo cha kinanda kikaonyesha 3. Sikuwa na hasira wakati ule, wala sikuchanganyikiwa. Nilikuwa na furaha. Nikaenda kukaa kitini kwangu nikakaza nyuzi za gita kwa makini, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa sawasawa.

Kwaya ilikuwa inajipanga isimame. Kabla haijasimama, mama mmoja anayeuza mitumba Gikomba akainuka benchi la tatu, macho ameyafumba, akaanza pambio.

Mke wangu alishusha sauti ya kinanda. Akagusa kibao, akagusa kingine, akampata. Kidole kidogo kikatua kwenye G. Nami nikaweka kapo ya G, nikaingia kwa nguvu, kwa sababu siku hiyo nilitaka kusikika.

Kilichotoka kwenye spika yangu sijui nikieleze vipi. Watoto waliokuwa wamekaa mbele waliziba masikio. Nilikitazama kidole cha mke wangu: G. Nikautazama mkono wangu: G. Macho yangu yalinihakikishia kwamba tuko pamoja. Basi nikaamua nyuzi zimelegea, nikaanza kuzikaza wimbo ukiendelea, uzi wa kwanza, uzi wa pili, na kila nilipokaza mambo yalizidi kuharibika. Yule mama alifumbua jicho moja, akaniona, akaongeza sauti ili anishinde.

Ndipo nikakikumbuka kitufe. Utaniuliza nilisahauje jambo nililolifanya robo saa iliyopita. Sikusahau. Nilikuwa nimelitega kwa ajili ya wimbo wa kwaya, na halikunijia wazo kwamba mtego ule ungeweza kuninasa mimi. Usingemnasa mtu anayesikia. Mke wangu mwenyewe ulimpita bila kumgusa: alimtafuta mama kwa sikio, akampata pale alipo, kinanda kiwe kimehamishwa au hakikuhamishwa. Mimi nilitafuta kwa macho, na macho yakaniambia uongo niliouweka mwenyewe.

Hata hapo ningeweza kusogeza kapo hatua tatu nikarudi njiani. Lakini nyuzi nilikuwa nimeshazivuruga. Nikapiga tena, nikahisi uzi unatikisika chini ya kidole na kwenye spika hakuna kitu. Fundi wa mitambo alikuwa ameshusha sauti yangu mpaka chini. Hakunitazama, alijifanya anapanga nyaya. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, nami nilikufa nimekaa, mikono ikiendelea kucheza juu ya gita lisilo na sauti, kwa sababu kusimama kungekuwa aibu kubwa zaidi.

Na pambio likanoga. Hilo ndilo lililonichoma. Nilipotoka mimi, likanoga. Mke wangu aliingiza ule mwendo wa gumba la mjomba, na kina mama wakatoka kwenye mabenchi wakacheza, hata wale wenye magoti mabovu. Nilikuwa naujua mwendo ule kabla yeye hajazaliwa kwa mambo ya muziki, na nilikuwa nautazama kama mtu aliyekuja kuuziwa.

Kabla kwaya haijaanza, alinyoosha mkono akabonyeza kitufe cha pili, kile cha kushusha, mara tatu kurudisha. Kwaya ikaimba mahali pake. Mwisho wa ibada wazee wakamtaja yeye. Nilisimama nikapiga makofi, na mchungaji akasema nami nipigiwe makofi kwa kumlea mwalimu nyumbani mwangu.

Jioni nilikaa mezani nikimngoja. Nilikuwa nimeandaa majibu ya kila aina. Angelia, nilikuwa na jibu. Angefoka, nilikuwa na jibu zuri zaidi. Alikuwa anachambua sukuma wiki jani kwa jani, mpaka nikashindwa mimi.

"Ile namba kwenye kinanda," nilisema.

"Niliiona."

"Saa ngapi?"

"Mama alipoanza. Nilikuwa nashusha sauti, nikaona tatu."

"Sasa mbona hukuirudisha?"

"Si alikuwa ameshaanza? Nikasema nimfuate kwanza, nitairudisha baadaye. Mimi haikunisumbua." Alikata mashina, akayaweka kando. "Na wewe nilijua haitakusumbua. Nilidhani unasikia, baba watoto. Miaka hii yote nilidhani unasikia."

Hakuuliza ni nani aliyebonyeza. Alisema vile bila kejeli, kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba mwenzake amekuwa akitembea na mguu uliovunjika na hakumwambia. Majibu yangu yote yalikuwa ya maswali mengine.

Jumapili iliyofuata nilihamisha kiti changu. Nilikiweka upande wa pili, karibu na ngoma, mahali ambapo mkono wake wa kushoto siuoni hata nikijinyoosha. Hakuna aliyeniuliza sababu. Mama akianza pambio nashusha sauti ya gita, nainamisha sikio mpaka ligusane na mbao, natafuta uzi mmoja mmoja. Inanichukua ubeti wa kwanza, wa pili, mara nyingine wa tatu. Ni kujifunza upya kazi niliyodhani naijua, mbele ya watu, nikiwa na mvi. Sitadanganya kwamba wivu umeisha. Anapoitwa mwalimu bado nageuka kabla sijakumbuka.

Lakini kuna jambo jipya. Wiki za kwanza niliona kwamba naye siku hizi anachelewa. Mama anaanza, na kinanda hakiingii chote. Inasikika sauti moja tu ya chini, ndefu, imeshikiliwa, haiendi mbele wala nyuma. Nilifurahi. Nilijiambia kumbe naye hupotea. Ilinichukua Jumapili tatu kugundua kwamba ile sauti moja huwa sahihi tangu mwanzo. Huwa ameshampata mama. Anaishikilia pale, kwa mkono ambao siuoni, bila kugeuka kunitazama, na siku nikiifikia ndipo anaweka mkono wa kulia na wimbo unaanza.

Waumini hawajui. Yeye hajui kwamba nimejua. Angeniacha nipotee, ningekuwa na sababu ya kumchukia.